Kukompaili kunakata kila mara sehemu tofauti: namna ya kumtafuta mchawi ndani ya kava

Naandika hii nikiwa Kijenge hapa Arusha, pembeni ya mashine iliyonitesa wiki tatu nzima. Ni desktopi ya mtumba, zile za maofisini zinazokuja kwa kontena, i5 ya kizazi cha 4, RAM giga 12 yaani kipande cha 8 na kipande cha 4. Niliweka Debian, aina mojawapo ya Linux, ikawa inapiga kila kitu freshi, muziki, muvi, brauza tabu arobaini, hata haikohoi. Siku nimekaa kukompaili kerneli, yaani kugeuza kodi ya kiini cha Linux iwe programu, dakika ya sita hivi, pa: "internal compiler error: Segmentation fault". Narudia, inapita vizuri pale ilipofia alafu inaenda kufia mbele kwenye faili jingine kabisa. Nikabadilisha toleo la gcc, ndo kompaila yenyewe, mara mbili, nikafuta Debian nikaweka Ubuntu, nikagombana na watu wasiohusika, na mwisho nikanunua RAM mpya ya elfu 45 ambayo haikusaidia chochote. Kwahiyo fuata mpangilio huu, usifuate wangu.

Kwanza uelewe kwa nini ni kukompaili tu ndo kunamuumbua mgonjwa. Biti moja ikigeuka kwenye muvi unapata kidoa kwenye skrini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, huoni. Ila kompaila kazi yake yote ni kutembea kwenye minyororo ya anwani za kumbukumbu, hii inaelekeza kwenye ile na ile kwenye nyingine, mamilioni, sasa biti moja ikigeuka kwenye anwani moja programu inaenda kugonga mlango wa nyumba isiyo yake na kerneli inaiua papo hapo, hiyo ndo signal 11, au segfault kwa kifupi. Alafu inatumia kori zote za prosesa, RAM karibu yote na diski, kwa pamoja, nusu saa au zaidi bila kupumzika. Hakuna kitu kingine unachofanya nyumbani kinachokamua mashine namna hiyo.

Kabla ya kushika bisibisi, soma ujumbe vizuri

Sio kila kifo ni hadiwea. Ukiona "Killed signal terminated program cc1plus" hiyo ni signal 9, maana yake RAM imeisha na kerneli imeamua kumtoa mtu kafara. Hakikisha kwenye logi ya kerneli kwa `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. Dawa yake ni kupunguza namba ya `-j`, yaani mafaili mangapi yanakompailiwa kwa mpigo, maana mafaili mazito ya C++ yanaweza kula giga nzima kila moja au zaidi, wewe una giga 8 umeandika `-j16`, unategemea nini? Punguza iwe `-j4` au ongeza swapu, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM, habari imeisha.

Ukiona "Illegal instruction" nayo iangalie kivyake. Mara nyingi programu ilikompailiwa kwa `-march=native` kwenye prosesa mpya alafu ukaileta kwenye prosesa ya zamani isiyojua hizo amri. Hapo mashine ni nzima, mkosaji ni wewe.

Tunayemtafuta hapa ni signal 11 na "internal compiler error" zinazohamahama. Gcc za Ubuntu na Debian ikipata hitilafu ya hivyo huwa inajaribu tena yenyewe kimyakimya, na ikiona safari hii imepita inakuandikia kabisa "The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem". Mimi niliiona hiyo sentensi siku ya kwanza nikaipuuza. Usiipuuze.

Rudia, na uandike

Ikifa, usifute kitu, andika `make`, ile amri ya kukompaili, tena. Ikipita pale ilipofia ikafia kwingine, au ikamaliza kabisa, anza kushuku vyuma. Ikifia faili lilelile mstari uleule mara tatu nne, hilo ni kosa la programu au la kompaila yenyewe, karipoti kwa wenye nayo.

Ila hapo kuna mtego, na nitakusimulia ulivyomnasa mdogo wangu anayekaa Majengo, Moshi. Jioni moja ananipigia, shikamoo kaka, marahaba, alafu akaanza kulalamika kompyuta yake ina mapepo. Kompaila inamwambia haijui neno `retupn`. "Kaka mi sijaandika hivyo, naapa." Anafungua faili, kweli limo, `retupn`, na anakompaili mara tano inafia hapohapo. Kwa kanuni niliyotoka kukupa ungesema ni yeye kakosea kuandika. Sasa angalia: herufi r kwenye kompyuta ni 01110010, herufi p ni 01110000. Tofauti ni biti moja tu. Linux ikishasoma faili kutoka kwenye diski inaliweka kwenye RAM ili isirudi diskini kila saa, kwahiyo kama limekaa kwenye sehemu mbovu ya RAM utaona kosa lilelile kila ukirudia hadi uchoke. Nikamwambia usisevu hilo faili kwa namna yoyote ile, maana ukisevu ndo unaliandika kosa kwenye diski liwe la kweli. Andika hivi:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

Akafungua tena. `return`. Akakaa kimya kwenye simu muda mrefu alafu akasema dah.

Kwahiyo kabla hujaamua kwamba "inafia palepale", mwaga hiyo kache au zima uwashe, ndo urudie.

Baada ya hapo andaa kipimo chako rasmi, kwa sababu utakirudia kila ukibadilisha kitu:

`for i in $(seq 1 10); do make clean >/dev/null; make -j$(nproc) >logi.$i 2>&1 && echo "$i imepita $(date)" || echo "$i IMEKUFA $(date)"; done | tee ripoti.txt`

Iache usiku na mchana. Hiyo `date` usiitoe, utaona mbele kwa nini.

Kipimo kingine rahisi ni kutengeneza faili kubwa kuliko RAM yako, mimi nilitengeneza la giga 20 kwa `dd if=/dev/urandom of=kubwa.bin bs=1M count=20000`, alafu unapiga `sha256sum kubwa.bin` mara tano. Namba lazima ziwe zilezile mara zote tano. Moja ikitofautiana ujue kuna sehemu kati ya diski, waya, RAM na prosesa inadanganya, na hapo hakuna tena cha kumsingizia gcc.

Rudisha setingi za kiwandani

Hii ni bure na watu wanairuka. Ingia BIOS, zile setingi za madabodi unazoingia kabla Linux haijawaka, chagua kurudisha setingi za mwanzo, zima XMP kama ipo, zima chochote cha kuongeza spidi. XMP inaiendesha RAM kwa spidi iliyo juu ya kiwango cha kawaida, na mashine nyingi hazimudu hasa ukijaza sloti zote nne. Kama ulinunua mashine kwa mtu wa magemu usiulize, zima tu.

Hapohapo apdeti BIOS. Sio hadithi: prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za desktopi zilikuwa na tatizo la kuchoka kwa sababu ya voltiji kubwa kupita kiasi, Intel wakatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) mwaka 2024, 0x129 mwezi wa 8 na 0x12B mwezi wa 9, wakaongeza na waranti miaka miwili. Ila marekebisho yanazuia tu, prosesa iliyokwisha kuchoka haiponi. Na mwaka 2017 baadhi ya Ryzen za mwanzo kabisa zilikuwa zinatoa segfault hizihizi watu wakikompaili kwenye Linux kwa kori zote, AMD wakawa wanawabadilishia. Ukinunua mtumba wa hizo mbili uwe na hilo kichwani.

Joto na vumbi

Sakinisha `lm-sensors`, fungua dirisha moja uandike `watch -n 2 sensors`, jingine ukompaili. Prosesa ya kisasa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza spidi yenyewe kabla ya kuharibika, kwahiyo joto la prosesa peke yake mara nyingi linakupa mashine ya kobe na sio segfault. Wanaopata shida zaidi ni wale wasio na mlinzi, RAM yenyewe na vile vipande vya kupooza umeme pembeni ya prosesa. Moshi iko chini kuliko Arusha na Januari Februari kunachemka haswa, mashine iliyokuwa inapita Julai huku kwetu inaweza kugoma kule kwa hilo tu.

Fungua kava, toa nje, puliza kwa blowa huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Kwa vumbi letu la kiangazi utatoa blanketi. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka kama unga wa chokaa futa paka mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko linatosha.

RAM, mshukiwa namba moja

Chukua flashi, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, buti nayo, lala. Usiangalie dakika kumi ukasema iko poa, acha raundi kadhaa, usiku kucha. Kosa moja ni kosa, usije ukasema "ni kamoja tu". RAM nzima inatoa sifuri, kesho sifuri, mwakani sifuri.

Kwa mdogo wangu nilipanda Coaster nikaenda mwenyewe. Raundi ya kwanza ikapita safi, akaanza kunicheka. Raundi ya pili ikaja mistari myekundu, na ukilinganisha kilichotegemewa na kilichopatikana tofauti ni biti ileile moja kila mstari, anwani zimekaribiana. Hiyo ni sura ya chipu iliyokufa sehemu. Makosa yakitapakaa anwani zote na biti za kila aina usikimbilie kulaumu kipande, shuku sloti, setingi, au umeme.

Ukipata makosa, zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kava kumaliza umeme tuli mwilini, toa vipande vyote. Vipe namba kwa maka peni, hili ni la muhimu kuliko unavyodhani maana baada ya mzunguko wa tatu hutakumbuka kipi ni kipi. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa. Kisha pima kipande namba 1 kwenye sloti A, alafu kipande namba 2 kwenye sloti hiyohiyo A, alafu kile kizuri kwenye sloti B. Kosa likifuata kipande, kipande kibovu. Likibaki kwenye sloti, madabodi, au miguu ya prosesa haijakaa vizuri. Na likipotea kabisa baada ya kusugua, tatizo lilikuwa uchafu na umeokoa hela yako.

Kama hela ya kipande kipya haipo, toa kibovu uishi na kilichobaki. Kuna namna ya kuiambia kerneli iruke anwani mbovu, Memtest86+ inaweza kukuandikia kabisa mstari wa `memmap` wa kuweka, ila chipu iliyoanza kufa huwa inaendelea kufa, mi ningeitumia kusogeza wiki na sio mwaka.

Sasa sikia na upande wa pili. Memtest ikikupa kosa, iamini. Ikikupa safi, usiiamini sana. Inapima RAM wakati diski imelala na mzigo wa umeme ni mdogo kuliko wa kukompaili. Mashine yangu ilipita memtest masaa 9, safi kama theluji ya Kilimanjaro, na bado kompaili ilikuwa inakufa. Kwahiyo ongeza kipimo cha ndani ya Linux: `stress-ng --vm 4 --vm-bytes 70% --verify -t 2h`. Na kama bado unashuku RAM, kompaili ukiwa na kipande kimoja tu, kisha kingine, hiyo hakuna programu inayoishinda.

Prosesa

Pakua mprime, ndo Prime95 ya Linux, iwashe kwa `./mprime -t` au chagua kipimo cha FFT ndogo ambacho kinakaa karibu chote ndani ya kache ya prosesa bila kuisumbua RAM. Ikikuandikia "Hardware failure detected" wakati kompyuta haijaongezwa spidi na joto liko sawa, basi ni prosesa, au anayeilisha prosesa. Pembeni angalia `sudo journalctl -k | grep -iE "mce|hardware error"`, prosesa ikijikamata yenyewe na kosa inaandika huko. Kwa uzoefu wangu prosesa kufa kweli ni nadra, ukiacha hizo nilizozitaja juu, anza na kila kitu kingine.

Umeme, nilipopigwa mimi

Nilikuwa nimeshabadilisha RAM, nimepiga vumbi, nimepaka pesti. Siku moja nimekaa naangalia ile ripoti.txt bila matumaini, nikaona kitu. Zilizokufa: 10:42, 11:15, 14:08, 15:30. Zilizopita: zote za usiku. Jumapili nzima hakuna iliyokufa. Nikabaki natazama ukuta. Upande wa pili wa ule ukuta kuna fundi anachomelea mageti na grili za madirisha, na kila akigusisha fimbo taa yangu inafifia, nimeishi na hiyo taa mwaka mzima hata sikuwahi kuiwaza.

Pawasaplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme, ikiwa nzima inameza kutikisika kwa namna hiyo. Ya kwangu ilikuwa ya miaka kumi. Ukichungulia kwa tochi kwenye matundu yake unaona kapasita mbili vichwa vimevimba kama maandazi. Chungulia tu, usilifungue lile boksi, kapasita za ndani zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya na zinaweza kukutoa roho.

Kupima chukua maltimita, weka kwenye volti za DC, tafuta plagi ya bure inayotoka kwenye pawasaplai: nyaya nyeusi ni hasi, ya njano lazima iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima ukiwa umeipa mashine mzigo, ikiwa imelala haina maana. Yangu ilikuwa 11.9 imelala, 11.5 ikikompaili, na jirani akigusisha inashuka 11.2 alafu inarudi. Ila jua maltimita ni nzito, mtikisiko wa haraka haraka haiuoni, kwahiyo namba nzuri haimtakasi mtu. Ushahidi wa mwisho ni kuazima pawasaplai nyingine nzima kwa siku mbili na kurudia kile kipimo. Na kabla ya kununua angalia plagi, desktopi nyingi za maofisini zina plagi za kwao wenyewe, ya kawaida ya dukani haichomeki.

Stabilaiza au UPS inasaidia, lakini usiitumie kuficha pawasaplai inayokufa.

Diski, kwa kifupi

Diski ikiharibika mara nyingi inasema wazi, utaona "I/O error" kwenye dmesg, haikupi segfault za kubahatisha. Piga `sudo smartctl -a /dev/sda`, angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zikiwa zinaongezeka hamisha mafaili yako leo. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda ni waya wa SATA, badilisha waya kwanza.

Ukishapata mchawi, kazi haijaisha

Kila kitu ambacho ile mashine ilikiandika ikiwa mgonjwa ni cha kushukiwa. Futa ulivyokompaili vyote, `make clean` na kache ya ccache (inayotunza ulivyokompaili zamani) kama unayo. Kwenye miradi yako ya git piga `git fsck --full` iikague, kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `debsums` upige `sudo debsums -s` ikuonyeshe mafaili ya mfumo yaliyogeuka. Mdogo wangu aliona usumbufu, akalazimishwa, fsck ikamtolea kitu kimoja kilichooza kwenye mradi wake wa chuo, bahati nzuri kulikuwa na nakala mtandaoni. Mimi niliweka mfumo upya kabisa, sikutaka kubahatisha.

Alafu rudia kile kipimo mara kumi, katika mazingira yaleyale yaliyokuwa yanaiua. Mi sikuipima usiku. Niliiwasha Jumatatu saa 3 asubuhi, nikasubiri jirani aanze geti lake, taa ikaanza kufifia kama kawaida, na ripoti ikaandika 1 imepita, 2 imepita, hadi 10, wakati huo fundi ameshafika kupaka rangi.